Kiganja Ndani ya Kioo

Alama ile ilikuwa upande wa ndani, na hilo ndilo lililomtia Revelian wasiwasi. Ingekuwa nje angeifuta akaenda zake kazini. Kilikuwa kiganja cha mtoto mchanga, vidole vimetanuka, kimegandamizwa kwenye kioo cha mbele cha gari ambalo hakuna mtoto aliyepata kuliingia.

Hata mkewe Demetria, mja mzito ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia, hakuwa amelipanda. Temeke nzima ililijua gari lile jekundu la mbio, la viti viwili na paa la turubai, ambalo karani huyu wa bandarini alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Aliliosha mwenyewe kila alfajiri, akalikausha kwa kanga ya mkewe, akasimama kulitazama mpaka chai ikapoa. Majirani walisema ana wake wawili, na yule mwekundu ndiye kipenzi. Demetria alicheka nao, ingawa si kila siku.

Kipupwe cha mwaka ule wa hamsini na tatu kilikuja na baridi ya kuuma. Maji ya bomba yalimtia ganzi vidoleni, kwa hiyo Revelian akaanza kuyapasha moto. Asubuhi moja Mwinjuma, mwenye nyumba wao, alimkuta akimimina yaliyobaki kwenye shimo la maji machafu, mvuke umetanda uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyie watu wa Bukoba si mmezoea baridi kwenu? Maji ya moto ya nini?" Kisha akaacha utani. "Karani, usimwage hivyo kimyakimya. Taja jina la Mungu kwanza, walioko chini wapate kuwaondoa watoto wao."

"Mie Mkatoliki, mzee."

"Kwani hao wamekuuliza dini?"

Revelian alicheka. Kesho yake akamwaga tena, ndoo nzima kwa mkupuo, na safari hii kitu kikalia shimoni. Alijiambia ni paka. Asubuhi iliyofuata ndipo alipokiona kiganja.

Aliingia garini akakifuta. Kilifutika, lakini kwenye kitambaa kulibaki kitu chembamba chenye unyevu, mfano wa utando wa maziwa, na harufu ya nywele zilizoungua ilipompata puani akajua kuwa ni ngozi. Akashika kitasa atoke. Kitasa hakikuzunguka. Akasukuma mlango kwa bega, akapiga turubai kwa ngumi, akamwita Demetria, ambaye alimwona kwa macho yake akifagia uani karibu kabisa na pale, akifagia na kuimba bila kugeuka, na vioo vikaanza kuingia ukungu kutoka chini kwenda juu, joto likapanda, jasho likamtiririka mgongoni, na kiti cha pembeni, kile ambacho hakumruhusu mtu kukikalia, kikabonyea taratibu kama mtu ameketi na kupakata mzigo.

"Taratibu," ikasema sauti ya mwanamke, kwa chini. "Ndiyo kwanza amelala."

Revelian hakuthubutu kugeuza shingo.

"Umemchoma mwanangu. Wako yumo tumboni, namsikia akicheza. Nimchukue?"

"Usimchukue, mama. Nakuomba. Sie hatuna mwingine."

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mchana ule, Demetria akiwa sokoni, Revelian alimweleza Mwinjuma yote, naye mzee akaingia garini na chetezo cha ubani, kwani alikuwa na ujuzi kidogo wa mambo hayo. Alitoka amelowa chapachapa.

"Nimemsomea, nimembembeleza, hatoki. Kakubali jambo moja tu. Gari ni kitanda cha mwanawe. Kila alfajiri ulimwagie maji baridi, majeraha yapate kupoa. Usiliendeshe, usiliuze, usihame. Tone moja la maji ya moto likimgusa tena mtoto yule, anamchukua wako."

"Mpaka lini, mzee?"

"Hakusema. Na mkeo mwambie."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Yeye ndiye aliyeongoza kwaya kanisani. Angeanzaje kumwambia Demetria kwamba alifukiziwa ubani na kulilia jini? Alisema injini imekufa. Felicitas akazaliwa salama, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na babaye alimpenda mpaka akaogopa. Ofisini walitaka kumhamishia Tabora na cheo juu; akakataa. Mamaye Revelian aliugua kule Bukoba, hakwenda. Rangi nyekundu ilichunika, matairi yakalala, na bado kila alfajiri alisimama pale na ndoo yake. Watu waliacha utani wa wake wawili. Sasa walisema karani amerukwa na akili.

Kipupwe kikarudi, na safari hii kikampata kifuani. Alikohoa usiku kucha. Alfajiri moja ya manyunyu alijikongoja hadi uani, akaikuta ndoo mahali pake, imejaa kama alivyoiacha jioni. Ndani Felicitas alikuwa akilia, ameanza kula uji na hataki kijiko, anataka kuchota kwa mkono. Revelian akainua ndoo kwa vidole vilivyokufa ganzi, visivyoweza kumwambia lolote, akaimimina yote juu ya gari.

Mvuke ukapanda.

Aliutazama. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia, na ndani ya gari kitu kikalia mara moja, kwa sauti nyembamba, kikanyamaza.

Demetria alisimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria tupu mkononi, akitabasamu. "Kikohozi hicho kitakuua, Baba Felicitas. Nimekuonea huruma, nikayachanganya na ya moto."

Chumbani nako kilio kilikuwa kimekatika.

"Afadhali, amenyamaza," Demetria akasema, akaingia ndani kumtazama.

Kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, vilikuwapo viganja viwili. Kimoja kilikuwa kimechunika. Cha pili kilikuwa kizima, kimepakaa uji.

"Feli?" Demetria aliita ndani ya nyumba. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. "Felicitas!"

Revelian alikirukia kitasa cha mlango wa gari kwa mikono miwili. Hakikuzunguka.