Aliyeitika kwa Jina la Leshan

Ngigi alikuwa amezima vivuli vyote, lakini huyu mmoja alibaki na chake.

Mashine yake ilikuwa kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, kioo katikati na vitufe pande zote mbili, na gemu mpya zilikuwa zinailemea vibaya. Ukitaka zikimbie bila kukwama lazima upunguze mapambo, na cha kwanza kutolewa ni vivuli. Kwa hiyo katika mbuga ile ya gemu miti ilisimama bila kivuli, na swara vilevile. Ila mwindaji wake, yule aliyempa jina la Leshan, alitembea akifuatwa na kivuli kirefu, cheusi. Ngigi alidhani ni kasoro ya gemu, akaendelea kucheza.

Leshan alikuwa kaka ya mkewe, Resian. Mashine yeye na Ngigi waliinunua pamoja, wakawa wanapokezana: huyu akishindwa, mwenzake anashika. Halafu lori la kokoto likamgonga Leshan karibu na Isinya, wiki chache kabla ya kutoka kwa gemu aliyoingojea mwaka mzima. Ngigi hakulia. Alibeba viti vya mazishi, akarudi kazini kwenye chumba baridi cha shamba la maua, akapanga waridi kwenye ndoo. Watu wa Kitengela wakamsifu, eti huyo ni mwanamume kamili. Kumbe hakuwa anazuia machozi yoyote. Ndani mwake kulikuwa kimya tu.

Gemu ilipouliza jina la mwindaji, aliandika Leshan. Tusimlaumu haraka. Kwao Wakikuyu jina la mtu hurudi. Yeye mwenyewe ni Ngigi kwa sababu babu yake alikuwa Ngigi. Alidhani anamheshimu shemeji. Tena alicheza akimsemesha kwa sauti, kama zamani: "Leshan, zunguka nyuma! Leshan, ruka!"

Resian alikuwa jikoni. Alikuwa na mimba ya kwanza, nzito tayari, lakini alitoka mbio na mwiko mkononi.

"Umeita nani?"

"Ni jina tu la mtu wa gemu, Resian."

"Kwetu mtu akishaenda, jina lake halitajwi. Si unajua? Ukiita, kitu itakuja, na si lazima ikuwe yeye."

"Sawa, nitabadilisha."

Hakubadilisha. Unamwambia mtu kitu, anaitikia vizuri, kisha anafanya yake.

Siku zilizofuata feni ya mashine ilianza kutoa harufu. Mwanzoni ilikuwa tamu, ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na Ngigi akaivuta puani kwa hamu. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya damu iliyolala juani. Kisha vidole gumba vyake vikafa ganzi, ganzi ikapanda hadi viwiko. Asubuhi moja uji wa moto ulimmwagikia mkononi. Aliitazama ngozi ikivimba malengelenge, akasema "aii" kwa sababu tu mkewe alikuwa anamwangalia.

Mchana wa Jumapili, Ngigi akiwa kazini, Resian aliisikia feni ikivuma sebuleni. Mashine ilikuwa imezimwa, waya wake umekunjwa kando, na kioo kilikuwa cheusi, lakini feni ilivuma, ikapumzika, ikavuma tena, mpaka akatambua kwamba ile ilikuwa pumzi ya mtu anayelala, na alipotaka kurudi nyuma sauti ya kaka yake, ileile ya kutania, ikamwuliza kutoka ndani ya mashine, "Huyo wa tumboni mtamwita nani?"

Alimpigia simu babake, Mzee Tajeu, akilia. "Papa, kuja. Nataka mume wangu arudi kabla mtoto azaliwe. Huyu niko naye hapa hasikii kitu."

Tajeu alifika na kibuyu kidogo cha maziwa. Ni mzee wa kanisa, lakini baraka za kwao hakuziacha. Aliwapaka maziwa kwenye paji la uso, akamketisha Ngigi mbele ya mashine.

"Mimi siwezi kuifukuza," alinong'ona. "Wewe ndiye uliita. Iambie hakuna mtu anaitwa hivyo hapa, halafu ufute."

"Baba, na kama ni yeye?"

"Mtoto wangu nilimzika mwenyewe." Sauti ya mzee ilipasuka. "Hii imechukua nafasi ya kilio chako, kijana. Inakula hapo. Futa."

Ngigi aliwasha. Mwindaji alikuwa amesimama katikati ya mbuga, akiwatazama wao, si swara, na Ngigi alipofungua mahali pa kufuta feni ilianza kupiga kelele, harufu ya damu ikajaa chumba hadi Resian akaziba mdomo, na yule wa kiooni akaja mbele, mbele, mpaka uso wake ukajaza kioo kizima, uso wa Leshan usio na jeraha hata moja, akasema taratibu, "Shemeji, usinizime, huku ni baridi," na Ngigi, ambaye alijua baridi kuliko wote mle ndani, akasema, "Hakuna mtu anaitwa hivyo hapa," akabonyeza.

Feni ikanyamaza. Harufu ikaisha. Resian alimkumbatia babake wakalia kwa sauti, kilio walichokuwa wamekibeba tangu mazishi. Ngigi alikaa palepale. Alingoja cha kwake kije, akangoja sana, halafu akaenda kuwatengenezea chai.

Resian alijifungua mvua zilipoanza, mtoto wa kiume mwenye afya. Muuguzi alimweka mikononi mwa babake, na Ngigi akatabasamu, kwa kuwa wanaume wengine wa wodini walitabasamu. Resian alimtazama kutoka kitandani kwa furaha. Kisha akaona mikono. Alikuwa amemshika mtoto mbavuni, huku na huku, na vidole gumba vyake vilikuwa vinabonyeza kifua cha mtoto kama vitufe, kushoto, kulia, kushoto, wakati macho yake yametulia usoni pa mtoto, yakingoja.

"Nipatie," Resian alinong'ona. "Ngigi, nipatie mtoto."

Hakumsikia. Resian alijiinua na maumivu yake, akamtoa mtoto mle mikononi. Vidole viliendelea kubonyeza.