Minki Aliyeshiba

Kila asubuhi, kabla ya kunywa maziwa, Afton Peery alimpima minki. Alimtoa kizimbani kwa glavu nene ya ngozi, akamtia ndani ya kopo refu lililokaa juu ya mizani, akasoma namba haraka kabla mnyama hajachomoka. Kisha akaiandika kwa chaki kwenye mlango wa banda. Minki huyo jike aliitwa Juniper. Alikuwa wa jamii ya kicheche: mweusi, mrefu, mwembamba, tena mwenye hasira za karibu. Hata shangazi Merlene, aliyemfunza tangu angali mdogo, alikuwa na makovu saba vidoleni.

Kwetu Utah mifereji ndiyo uhai wa mashamba, na adui wa mifereji ni panya wa maji. Huchimba mashimo kwenye kingo, na maji yanapofunguliwa baada ya baridi, ukingo wote hubomoka. Kwa hiyo watu humwita shangazi Merlene na minki wake na mbwa wake wawili. Minki huingia shimoni, panya hutimka nje, mbwa humdaka. Kazi ikiisha, shangazi hugonga sanduku la kubebea, na minki hurudi mbio akijua mna kipande cha nyama. Njaa ndiyo inayomrudisha, maana minki hana habari na mapenzi. Ndiyo sababu ya ile mizani. Juniper akiwa na gramu mia nane na sitini, anafanya kazi. Akizidi mia tisa, anabaki nyumbani.

Jumamosi hiyo Afton, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameisubiri majira yote ya baridi. Shangazi alimwahidi kwamba siku hiyo Afton ndiye atakayemwachilia Juniper shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Jioni iliyotangulia, kwa kutaka mnyama amzoee, Afton alimpa nyama ya sungura ya ziada, tena si haba. Asubuhi mizani ilisoma mia tisa na thelathini. Afton aliitazama namba, akatazama dirisha la jikoni alimokuwa shangazi, akaandika mia nane sitini na tano.

"Umempima?" shangazi aliuliza garini.

"Nimempima, shangazi."

"Ngapi?"

"Nimeandika mlangoni."

"Mlango hatujaupakia, mwanangu. Ngapi?"

"Mia nane sitini na tano," Afton alisema, akiangalia nje.

Mferejini walimkuta Ndugu Thayne, msimamizi wa maji, amekaa juu ya katapila lake. Kazi yake ilikuwa kushindilia ukingo mara tu panya watakapokwisha.

"Merlene, leo umekuja na jeshi zima!"

"Bosi ndiye huyu hapa," shangazi alijibu, akimwonyesha Afton. "Mimi leo dereva tu."

"Basi bosi, sikia. Saa sita lango la juu linafunguliwa. Wakulima wote wanangoja. Maji hayatakusubiri wewe wala mimi."

Boone, mbwa mzee mwenye pua kali, alinusa ukingo na kusimama kwenye shimo la kwanza. Afton alifungua sanduku. Juniper aliteleza ndani, na punde panya mnene akatoka kama amefukuzwa na moto. Tick, mbwa mdogo, alimdaka na kumtikisa mara mbili. Afton alipiga kelele za furaha. Alijiona mkubwa, na ile namba ikamtoka kabisa akilini.

Kwenye shimo la pili Juniper aliingia, ukasikika mlio mmoja mkali chini ya ardhi, kisha kimya. Afton aligonga sanduku. Akagonga tena. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini.

"Hayumo," shangazi alisema. "Minki mwenye njaa hakai shimoni muda wote huu wakati sanduku linamwita. Ametokea tundu jingine. Twende huko chini tukamtafute."

"Mbona Boone hatoki hapo?" Ndugu Thayne aliuliza. Mbwa alikuwa amelala kifudifudi hatua tatu kutoka shimoni, pua ameikandamiza kwenye nyasi.

"Ananusa panya aliyekufa, mzee wa watu. Boone! Twende!" Ilibidi amvute kwa ukosi.

"Kwa hiyo nishindilie?"

Shangazi alitazama jua, kisha mashamba makavu. "Shindilia."

Katapila liliwaka. Afton peke yake alijua kwamba Juniper hakuwa na njaa hata kidogo. Akisema, aibu yake. Asiposema, Juniper atazikwa mzima. Lile sepetu kubwa la chuma lilianza kuinuka.

"Simama!" Alikimbia mpaka mbele ya katapila, mikono juu. "Yumo! Yumo humo ndani!"

Ndugu Thayne alizima injini, rangi imemtoka usoni. "We mtoto, una wazimu? Ningekusaga!"

"Ameshiba, ndiyo maana hatoki! Nilimlisha jana. Mizani ilisema mia tisa na thelathini. Nilidanganya, shangazi. Nilijua hutaniruhusu."

Shangazi alimwachilia Boone, na mbwa akarudi moja kwa moja palepale alipolala mwanzo. Wakachukua makoleo, wakachimba wote watatu, taratibu, kwa kuogopa kumkata. Afton alichimba huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Kwa kina cha goti udongo ulititia, na ndani ya kiota cha nyasi wakamwona Juniper amejikunja, usingizi mzito, kando ya panya aliyeliwa nusu. Shangazi alipomwinua, alizinduka na kuing'ata glavu kwa ghadhabu.

"Mzima," shangazi alisema, akimrudisha sandukuni.

Ndugu Thayne alishindilia ukingo. Saa sita na nusu maji yalifika, ya rangi ya udongo, yakapita pale bila kuvuja. Afton na shangazi walikaa ukingoni kuyatazama.

"Umenikasirikia?" Afton aliuliza.

"Sana. Ungeniambia ukweli asubuhi, ningemchukua yule minki wetu mwingine, dume. Wewe ungebeba sanduku na kununa siku moja, basi. Kulisha mno ni kosa dogo, hata mimi nimelifanya." Alivua glavu. "Lakini sisi tunaowinda pamoja hatuna macho chini ya ardhi. Tunategemea pua ya mbwa na neno la mwenzetu. Leo mbwa aliniambia ukweli nikamkataa, kwa sababu nilikuamini wewe. Nilisema 'shindilia' kwa mdomo wangu mwenyewe, Afton. Nilikuamini mpaka nusura nimzike mnyama wangu."