Nati ya Nne

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kufagia maranda. Karakana ya Shangazi yake ilipakana na nyumba waliyoishi pamoja na Babu, na ilipofika jioni sakafu ya karakana hiyo ilifunikwa na maranda ya mbao kana kwamba kondoo mia wamenyolewa humo. Chiriku alifagia huku akizungumza. Alizungumza na Shangazi. Shangazi akitoka, alizungumza na Babu. Babu akisinzia, alizungumza na ufagio. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu ulimi wake ulipofunguka haukuwahi kupumzika. Jina lake la shuleni lilibaki shuleni. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Chiriku.

Shangazi alikuwa fundi seremala. Likizo ile alikuwa akitengeneza madawati thelathini ya shule moja iliyokuwa juu kabisa ya mlima. Wanafunzi wa madarasa mawili ya huko walikuwa wakisoma wamekaa chini, na walimu waliyataka madawati kabla shule hazijafunguliwa. Kazi ya mbao ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa njia ya kuyafikisha. Njia ile ilikuwa na mawe, makorongo na kona kali, na lori lililojaribu kupanda mara mbili lilikwama mara mbili.

"Hapa panatakiwa gari lenye miguu ya mbuzi," alisema Shangazi.

"Basi nenda kwa Bwana Shamba," Babu akajibu. "Yeye alikuwa na mbuzi wa namna hiyo."

Bwana Shamba alikuwa mzee mstaafu aliyetumia ujana wake kuzunguka milimani akiwafundisha watu kilimo. Pikapu aliyoitumia, ile ambayo magurudumu yake yote manne yanavuta kwa pamoja, ilikuwa imelala nyuma ya nyumba yake kwa miaka tisa. Shangazi na Chiriku walipofika waliikuta imezungukwa na magugu hadi kwenye vioo. Tairi zilikuwa zimekaa chini kabisa, na rangi yake ya kijani ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi. Lakini Shangazi aliinama, akagonga vyuma vya chini kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mifupa ni mizima," alisema. "Mzee, naichukua."

Walielewana bei upesi. Shangazi alipofungua mlango wa dereva, akakutana uso kwa uso na kuku aliyetulia juu ya kiti, manyoya yamemsimama kwa hasira.

"Gari nakuuzia," alisema Bwana Shamba, "lakini huyo simwamshi. Ana mayai kumi na moja, na amebakiza siku nne."

"Mzee wangu, mimi nimenunua gari au wodi ya wazazi?"

"Vyote viwili, mwanangu. Ila wodi utanirudishia."

Basi wakangoja. Siku ya tano mama kuku aliteremka na vifaranga wake kumi, na pikapu ikavutwa kwa trekta hadi uani kwa Shangazi. Babu aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, akaguna.

"Nimeona vitu vikizikwa vikiwa vizima kuliko hiki," alisema.

Wa kuifufua alikuwa Fundi Taratibu. Huyu alikuwa makanika mzee, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwahi kuharakishwa na mtu. Kila kifaa alichokifungua alikipangusa, akakitazama, kisha akakiweka kwenye sinia kwa mpangilio uleule aliokitolea. Jioni alihesabu kila kitu kabla ya kunawa mikono.

Chiriku aliomba, akabembeleza, akasumbua, mpaka Shangazi akasema, "Haya, msaidie Fundi. Lakini ukileta mchezo, unarudi kwenye ufagio wako."

Hizo zikawa siku tamu kuliko zote za likizo ile. Chiriku alijifunza kupiga msasa kwenye kutu hadi chuma king'ae. Alijifunza kupaka grisi, na kutofautisha spana ya kumi na tatu na ya kumi na nne kwa kuishika tu. Walipokuwa wakitoa hewa kwenye breki, yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani na kukanyaga pedali, huku Fundi akiwa amelala chini ya gari.

"Kanyaga!" Fundi aliita kutoka chini.

"Nimekanyaga!"

"Shikilia! Achia sasa. Na mdomo nao uuachie upumzike."

"Mdomo hauna breki, Fundi," Babu alidakia kutoka kwenye kiti chake, na wote wakacheka, hata miguu ya Fundi ikatikisika chini ya gari.

Jambo moja Fundi alilirudia kila siku. Alipoing'oa kabureta ili aisafishe, juu ya injini palibaki tundu, ambamo hewa na petroli huingilia. Papo hapo alilizibia kitambaa safi. "Shimo la injini halikai wazi hata kwa dakika moja," alisema. "Kitu kidogo kikidumbukia humo, injini ikiwaka kitasagwa pamoja na kila kitu kilicho ndani. Umesikia, binti?"

"Nimesikia, Fundi."

Na kweli alisikia. Lakini mchana wa siku ya kumi na sita, Fundi alikwenda kutafuta gasketi mpya ya kuziba mwanya chini ya kabureta, Shangazi akawa karakanani anapiga randa, na Chiriku akabaki peke yake na injini. Alikuwa akizisafisha nati nne za kushikia kabureta. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi. Akatazama huku na huku akitafuta cha kujifutia, na kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha kwenye tundu.

Nitakirudisha sasa hivi, alijiambia. Akakichomoa. Alipoinua mkono, kiwiko kikagonga sinia iliyokuwa pembeni ya injini. Akasikia *ti!* Kisha kimya.

Kwenye sinia palikuwa na nati tatu.

Chiriku alipiga magoti, akapapasa chini ya gari. Alipekua maranda yaliyopeperushwa hadi uani, akatazama kwenye kila kona ya vyuma. Nati haikuonekana. Alichungulia ndani ya tundu. Palikuwa na giza tupu. Labda imebiringika mbali, alijiambia. Labda haikuingia humo. Akasikia hatua za Fundi langoni. Kwenye rafu ya nje ya karakana palikuwa na kopo la nati za zamani. Akachagua moja iliyofanana na zile tatu, akaiweka kwenye sinia, akarudisha kitambaa mahali pake.

"Nati nne?" Fundi aliuliza jioni, akihesabu.

"Nne," alijibu Chiriku.

Kabureta ikafungwa. Kesho yake asubuhi gari lingewashwa.

Wakati wa chakula Chiriku alikula matonge matatu, akasukuma sahani.

"Mtoto huyu anaumwa," Babu alisema. "Nimekaa hapa robo saa nzima na sijaambiwa kitu."

"Amechoka na kazi," alisema Shangazi, akamshika paji la uso. "Kesho ni siku yetu kubwa, mwanangu. Nikiiona pikapu ile ikipanda mlima, nitamwambia kila mtu kwamba nusu ya kazi ulifanya wewe."

Maneno yale, yaliyosemwa kwa upendo, yalimchoma Chiriku kuliko kofi. Alitaka kusema. Lakini alifikiria ufagio, akafikiria pia jinsi Fundi angemtazama kupitia miwani yake, ulimi ukawa mzito. Akaenda kulala.

Asubuhi ua ulijaa furaha. Bwana Shamba alikuja amevaa kofia yake ya kazini ya zamani. Babu aliisogeza pembeni kidogo meza yake ya chai, akieleza kwamba gari likilipuka hataki sukari yake ipotee. Pikapu ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, na taa zake mbili za mbele zilimtazama Chiriku kama macho ya mtu anayengoja jibu. Fundi alipitia kila kitu, taratibu kama kawaida yake. Akampa Shangazi ishara. Shangazi akaketi kwenye usukani, akashika ufunguo.

"Usiwashe!"

Sauti ilimtoka Chiriku kwa nguvu mpaka Babu akamwaga chai. Wote wakageuka.

"Usiwashe, Shangazi! Nati imeingia kwenye injini. Labda imeingia. Sijui. Nilitoa kitambaa nifute mikono, nati ikaanguka, nikaitafuta nikaikosa. Iliyofungwa pale ni ya kwenye kopo. Nilidanganya, Fundi. Nilisema nne, na kweli zilikuwa nne, lakini nilidanganya."

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Shangazi aliondoa mkono kwenye ufunguo polepole, akashuka. Fundi Taratibu alifungua boneti tena, akachukua spana ya kumi na tatu, akamnyooshea Chiriku.

"Wewe ndiye unayejua nati ipi ni ya kopo. Anza nayo."

Wakaing'oa kabureta pamoja. Fundi alimulika tochi ndani ya tundu, akatikisa kichwa. Njia ya hewa ilikuwa na kona, na nyuma ya kona hapakuonekana kitu. Akafunga sumaku ndogo kwenye waya, akaipinda, akaiteremsha. Akaivuta. Haikuwa na kitu. Akaiteremsha tena. Bado.

"Ninaona Fundi ameamua kuvua samaki," alinong'ona Babu, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Mara ya tatu Fundi alimpa Chiriku waya. "Mkono wako ni mdogo. Kunja kuelekea kushoto. Usiharakishe."

Chiriku alishusha waya, akaukunja, akasikiliza. Kitu kikagusa sumaku. Akavuta kwa utaratibu kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote maishani mwake. Nati ikatoka, imeng'ang'ania ncha ya sumaku, bado inang'aa kwa jinsi alivyoisafisha mwenyewe.

Bwana Shamba alipumua kwa nguvu. "Je, kama ingewashwa?"

"Ingefika kwenye pistoni," alisema Fundi. "Tungekuwa na chuma chakavu chenye rangi nzuri. Na shule ingefunguliwa bila dawati hata moja."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Fundi. Nisamehe, Shangazi."

Fundi alikaa juu ya tairi la akiba, akavua miwani na kuipangusa. "Binti, unajua kwa nini naitwa Taratibu? Nilipokuwa kijana niliitwa Umeme. Siku moja nilisahau kukaza boliti ya tangi la oili kwenye gari la watu. Nilikumbuka njiani nikienda nyumbani, nikaona aibu kurudi. Injini ile ilikufa siku ileile. Mwenye gari alinisamehe kusahau. Hakunisamehe kunyamaza, na alikuwa na haki. Mkono kuteleza ni jambo la kila fundi. Nati ikianguka nikaambiwa, ni kazi ya nusu saa. Nisipoambiwa, ni injini nzima."

"Na mimi," alisema Shangazi, "kwa nati iliyoanguka sina neno. Ile ya kwenye kopo ndiyo iliyoniuma. Ile haikuanguka, uliichagua." Akamfuta machozi kwa pembe ya aproni yake. "Lakini umesema mbele ya watu wote, kabla sijageuza ufunguo. Hilo nalo nimeliona. Sasa funga kabureta, na kopo lile la nati utalichambua lote, kila saizi peke yake."

"Zimo kama mia tano, Shangazi!"

"Basi utakuwa na muda wa kutosha wa kufikiri."

Safari hii ufunguo ulipogeuzwa, pikapu ilikohoa mara moja. Ikakohoa tena, ikatoa wingu la moshi lililomfunika Babu na meza yake, kisha ikashika, ikanguruma kwa sauti nzito iliyotulia. Bwana Shamba alivua kofia, akaangua kicheko kama mtoto. Babu alitokea ndani ya moshi akipiga makofi.

"Mfu amefufuka!" alipaza sauti. "Nafuta maneno yangu yote!"

Kesho yake walipakia madawati kumi, wakayafunga kwa kamba, wakaanza kupanda. Penye makorongo Shangazi aliingiza gia ya mlimani, na magurudumu yote manne yakang'ata mawe. Kwenye kona ya mwisho njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde ambalo chini yake miti ilionekana kama majani ya mchicha. Injini haikutetereka. Walipofika kilele, watoto wa shule na wazazi wao walikuwa wamejipanga wakishangilia, na madawati yakapokewa kabla hata kamba hazijafunguliwa vizuri.

Chiriku alisimama ukingoni, akaitazama ile kona waliyopita. Shangazi akaja, akasimama kando yake.

"Unafikiria nini?"

"Kama nati ile ingekawia kufika kwenye pistoni, injini ikazimikia pale, Shangazi."

"Na mimi nilifikiri hivyohivyo tulipopita." Shangazi alimwekea mkono begani. "Mwanangu, kusema kweli kunauma dakika moja, tena mbele ya watu. Uongo hauumi siku ya kwanza. Unakungoja kwenye kona kama ile, ukiwa umepakia watu unaowapenda. Chagua maumivu ya ile dakika moja, kila mara. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Haya, panda garini. Madawati ishirini yanatungoja chini."