Mkubwa Amelazwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa soksi. Mke wangu alichukua zangu, zile nene za kijivu, akazivaa ndani ya mabuti ya mpira. Nilipolalamika akaniuliza ilikuwaje nimpe moyo halafu nimnyime soksi. Nikamjibu kwamba moyo siendi nao ofisini. Akacheka, akaenda kazini.

Kazi ilikuwa kiwanda kidogo cha bia alichokianzisha na mdogo wake wa kiume. Shemeji huyo alisomea bia Ujerumani miaka mitatu, akarudi na misimamo na jina la utani: Mjerumani. Bia yao ilikuwa ya maji, shayiri, maua machungu ya hopsi, na hamira. Cha tano marufuku. Mimi ni mkemia, nikawa nawapimia maji siku za mapumziko.

Sharti lake jingine lilikuwa subira. Bia ikishachacha, alisema, Wajerumani huilaza: huingizwa kwenye tangi la baridi, mlango ukafungwa, ikatulia wiki sita bila kuguswa na hewa. Basi matangi yakawa yanazungumzwa kama watu. Lile la lita elfu mbili kamili liliitwa Mkubwa. Mke wangu, kwa kuwa ndiye kifungua mimba kwao, naye aliitwa Mkubwa. Utani haukukauka: leo Mkubwa anamsugua Mkubwa.

Siku ile ya soksi ndipo walipolaza bia yao ya kwanza. Saa tisa alasiri nilimpigia mke wangu simu, haikupokelewa. Nikampigia mdogo wake, nikauliza Mkubwa yuko wapi.

"Mkubwa amelazwa, shemeji," alisema. "Usimsumbue."

Nilishtuka, nikadhani hospitali. Kisha nikakumbuka matangi, nikacheka. Naye akacheka.

Jioni mke wangu hakurudi. Asubuhi nilisimama kiwandani mbele ya ubao ambapo Mjerumani aliandika vipimo vyake. Mkubwa: lita 1,941. Mita inayohesabu lita haikuwa na kosa, niliikagua mwenyewe. Tangi lilikuwa limejaa hadi shingoni. Nikatoa namba ile kwenye elfu mbili: zilipungua lita hamsini na tisa. Mke wangu alikuwa na kilo hamsini na tisa, na mwili huchukua karibu lita moja kwa kila kilo.

Nikaomba tangi limwagwe.

Ilisemekana aliingia kusugua, na gesi inayopulizwa humo kufukuza hewa ilikuwa imevuja, ikamlegeza. Mdogo wake akafunga mlango bila kuchungulia. Kuhusu simu, alikuwa ananijibu habari za tangi. Mimi ndiye niliyetaja jina la wawili. Niliamua kumwamini, maana ndiye pekee aliyebaki duniani mwenye sura yake. Lakini kila nilipofumba macho, swali lilikuwa lile lile: alijua, au hakujua?

Miezi mitatu baadaye aliniita nipime maji. Tangi lilikuwa limeoshwa mara saba. Tukalijaza. Likafurika kwenye lita 1,941. Tukalimwaga, tukamulika tochi ndani: chuma kitupu, kinang'aa. Tukalijaza tena. 1,941. Nikaleta mita ya ofisini kwangu. 1,941.

Mjerumani aliitazama ile namba.

"Utotoni tulilala kitanda kimoja," akasema. "Siku zote alikuwa mbana nafasi."

Akatabasamu. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa sakafuni.

Tukalimwaga tena, akasema ataingia mwenyewe. Tulitanguliza feni, kisha nikapima hewa ya ndani, ilikuwa salama. Naliandika hili ili isije ikasemwa kuwa ni gesi. Akaingiza kichwa, mabega, kisha miguu. Nikasikia nguo zikikwaruza chuma. Halafu mnong'ono wake, wa kitoto.

"Sogea, dada."

Akanyamaza kama anayesikiliza.

"Sogea kidogo. Huku ni baridi."

Nikainama mlangoni. Sikumulika. Nikamuuliza kile nilichokibeba miezi mitatu: siku ile, alipopokea simu yangu, alijua?

"Alikuwa anagonga," akasema kutoka gizani. "Bia ilishaanza kuingia. Ningefungua, ingepata hewa. Ingeharibika yote."

"Aligonga kwa muda gani?"

"Ulipopiga simu alikuwa bado anagonga, shemeji. Ulipokata, alikuwa ameacha."

Nikaufunga mlango. Bolti nne. Nilizikaza kwa spana, moja na ile inayoikabili, kama alivyonifundisha, ili pasivuje.

Aligonga. Niliisikia mikono miwili, ya haraka. Kisha ikawa minne. Kisha hakuna.

Nilikaa pale saa nzima. Nikafungua. Nikamulika.

Hakukuwa na mtu. Tangi lile lina mlango mmoja, na bomba ambalo halipitishi ngumi ya mtoto.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mama yao. Nilikuta mlango wazi, naye amekaa mezani. Viti viwili mbele yake vilikuwa vimevutwa, na chini ya kila kimoja palikuwa na dimbwi la kahawia, lenye harufu ya kimea.

"Wamepita wote wawili," alisema. "Wamelowa chapachapa."

Nikasema: mama.

"Mdogo, kwenye kiti hiki cha pili, hakusema kitu. Dada yake alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja." Alinitazama bila kupepesa. "Ameniambia mlango ule haufunguki kwa ndani. Ni kweli, baba?"

"Ni kweli, mama."

Akainuka polepole, akaniletea tambara. Nikapiga magoti nikaanza kupangusa. Chini ya kiti cha kwanza pakakauka mara moja. Chini ya cha pili, kila nilipopangusa maji yalirudi, ya baridi ya kuuma vidole, yakipanda kutoka kwenye saruji isiyo na ufa. Yalikuwa yakitoa viputo. Vidogo, viwili viwili, kisha kituo, kisha tena, kama vya mtu anayevuta pumzi huko chini na hapati.

Niliendelea kupangusa.