Koti la Watu Wawili

Jumamosi asubuhi, saa ile marobota ya nguo yanapokatwa kamba, soko la mitumba halina adabu. Watu wazima wenye heshima zao husukumana kwa viwiko kana kwamba hawakulelewa, na mwenye mkono mwepesi ndiye anayeondoka na cha maana. Mwepesi kuliko wote alikuwa msichana mmoja fundi wa nguo, mwembamba, mwenye miwani, ambaye sokoni kote walimwita Mkasi. Jina hilo hakupewa bure. Nguo kuukuu ikishaingia mikononi mwake haimalizi siku mbili kabla ya kugeuka kitu kingine: suruali ya babu ikawa sketi, pazia likawa kizibao, tai nane zikashonwa pamoja zikawa mkoba ambao mabinti wa ofisini waliugombea.

Siku hiyo alikuwa ameinamia lundo la makoti alipouona mkono wa koti moja la buluu iliyokolea, kitambaa kizito, pindo limeshonwa kwa mkono na fundi aliyekuwa hana haraka. Akaudaka, akavuta. Koti halikuja. Akavuta kwa nguvu zaidi.

"Achia!" akafoka bila kuinua macho. "Nimeliona mimi kwanza!"

"Sawa dada, umeliona," sauti ya kiume ikamjibu kwa upole. "Ila mimi nimelivaa."

Watu wakaangua kicheko. Mkasi akainua kichwa, na loo! Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye macho ya kuchekacheka, amepotelea ndani ya koti lile. Mabega yalimning'inia na mikono ilimfika kwenye vidole.

"Nisamehe kaka," Mkasi akasema, mashavu yakimwaka. "Kwa jinsi lilivyokukaa, nilidhani halina mwenyewe."

"Mwenyewe yupo. Ni mabega tu ndiyo hayajafika."

"Unaliuza?"

"Siuzi."

"Nikupe mawili mazuri kuliko hilo."

"Hata ukinipa kumi. Lakini mimi ni fundi saa, niko pale kwenye kona, chini ya turubai la kijani. Ukilikumbuka, njoo ulitazame. Kutazama ni bure."

"Nani kakwambia nitakuja?"

"Sijui. Mkono bado umeushika."

Mkasi akauachia mkono wa koti kama aliyeshika kaa la moto, akaenda zake bila kununua hata soksi.

Alijitia hamnazo siku tatu nzima. Jumanne akachukua saa ya ukutani ya shangazi yake, ambayo ilikuwa inatembea vizuri tu, akaitoa betri, akaipeleka ikatengenezwe. Fundi Saa akaifungua, akaitazama, akamtazama na yeye.

"Ugonjwa wake huu," akasema kwa uso mkavu, "utataka uje kila siku."

Na kila siku akaja. Meza ya Fundi Saa ilikuwa na saa za mifukoni, mikufu iliyokatika, mikanda ya ngozi na pini za urembo za bibi za watu, vyote vimelala vumbini bila mteja. Mkasi hakuweza kuvumilia.

"Unakosea, kaka yangu. Mtu hanunui mkufu. Ananunua vile atakavyoonekana akiuvaa."

Akatundika kizibao chake kwenye kamba ya turubai, akapitisha mkufu wa saa kutoka kifungo hadi mfukoni, akafunga kiunoni mkanda wa kiume juu ya gauni la maua, akabana kitambaa cha kichwa kwa pini. Kabla ya adhuhuri vyote vilikuwa vimeondoka na wanunuzi. Tangu hapo kamba ile ikawa ya wawili, na penzi nalo likaingia humohumo, hakuna aliyeliona likipiga hodi.

"Umefika kazini?" Fundi Saa humpigia asubuhi.

"Nimefika, mpenzi."

"Umevaa nini?"

"Swali gani hilo la saa mbili asubuhi!"

"Jibu tu, nikuone kwa macho ya moyo."

"Gauni lile lililokuwa shuka. Mkanda wako wa ngozi. Na shingoni nimetundika ile saa yako iliyokufa."

"Ya nini iliyokufa, laazizi, nami ninazo zinazotembea?"

"Nikiwa nawe sitaki saa itembee."

"Ah! Utaniua na wateja wamejaa hapa!"

Jambo moja tu halikupata nafasi katika mazungumzo yao: lile koti. Fundi Saa alilivaa kila siku, jua liwake lisiwake. "Nipe siku moja tu nilipunguze, mpenzi," Mkasi humbembeleza, naye hujibu, "Lina saizi yake hili," akageuza maneno. Mkasi, Mungu amsamehe, hakuwahi kuuliza kwa nini. Alikuwa mtu wa kutenda. Kuuliza kulimpotezea muda.

Jumatatu moja kifungo kikalegea. Fundi Saa akaliacha koti kwenye chumba cha ushonaji ambacho Mkasi alishirikiana na shangazi yake, vyerehani viwili dirishani na pasi katikati.

"Kaza kifungo tu, mpenzi," akasisitiza kwenye simu. "Nitalipitia Jumatano. Jumamosi nina kazi nalo kubwa, nitakueleza."

Kifungo kilikazwa kwa dakika tano. Koti likabaki mezani, na Mkasi akabaki akilizunguka.

"Kaomba nini huyo kijana?" shangazi akauliza, sindano mdomoni.

"Kifungo."

"Si umeshashona? Litundike."

"Shangazi, mwanaume nampenda, halafu anatembea kama mtoto aliyeiba koti la baba yake! Jumamosi ana shughuli kubwa. Nataka apendeze."

"Basi kama huna masikio, angalau usikate. Kunja ziada ndani, siku akinenepa ifumuliwe. Hiyo nilikufundisha kabla hujajua kutia uzi."

Alijua. Lakini kitambaa kile kilikuwa kizito, na kikikunjwa ndani kingetuna mbavuni. Yeye alitaka koti limkae Fundi Saa jepesi, kama lililoshonwa kwa ajili yake na asiwepo mwingine. Vipimo hakuhitaji kuvichukua, alishavijua kwa kumkumbatia. Akachora kwa chaki, akashika mkasi, akakata mabega, akakata mbavu, akakata mikono, na vipande vikaingia kwenye gunia la vitambaa vya kujazia mito, ambalo Jumanne lilichukuliwa na mwenye mito.

Jumatano Fundi Saa alipolivaa, hata shangazi alisema "Eh!" Mabega yalikaa, kiuno kilionekana, mikono ilikoma pale pale inapotakiwa. Alikuwa kijana wa kusimamisha watu njiani. Mkasi akapiga makofi kama mtoto.

Fundi Saa hakujitazama kwenye kioo. Alikuwa amepenyeza vidole ndani ya bitana, anapapasa mshono.

"Ziada iko wapi?"

"Nimeikata. Ingetuna..."

"Yote?"

"Yote, mpenzi. Kwani vipi?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Koti hili si langu peke yangu," akasema. "Ni la marehemu baba. Alilivaa siku ya kuoa. Alituachia wanawe wawili, akasema kila mmoja atalivaa siku yake. Kaka yangu ni mwoka mikate pale nyuma ya stesheni, mabega yake mlango huu hayapiti. Tuligombania nani alitunze, tukagombana mpaka tukanyimana salamu. Miaka mitatu, Mkasi. Mwezi uliopita ndiyo kapiga simu. Anaoa Jumamosi. Akaniomba kitu kimoja tu."

Mkasi akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?" Akalivua, akaliweka mezani kwa mikono miwili. "Nitamwambia nini? Ataamini nimefanya makusudi. Na mimi ningekuwa yeye ningeamini hivyo hivyo." Mlangoni akageuka. "Naomba usinipigie."

Mkasi alipiga, bila shaka alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alilia hadi miwani ikawa haina kazi. Shangazi alimwacha alie, kisha akamsogezea kikombe cha chai.

"Koti la nani?"

"La wote wawili."

"Basi mmoja bado hajakukasirikia. Nenda ukamwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine."

Alhamisi Mkasi akapiga moyo konde, akaenda. Tanuri zilikuwa zinaguruma na hewa ilikuwa nyeupe kwa unga. Kaka mtu alikuwa anabeba trei tatu za mikate kana kwamba ni magazeti. Mkasi alipoona upana wa mgongo ule, alitamani ardhi impasukie.

"Kaka, shikamoo. Mimi ni fundi nguo. Mimi na mdogo wako tunapendana. Na koti la baba yenu nimelikata, limemtosha yeye, wewe halikuingii hata mkono. Yeye hakunituma nikate. Aliniambia nikaze kifungo, mimi nikajifanya najua. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Kaka mtu akatua trei. Akajifuta unga usoni, akazidi kujipaka.

"Wewe ndiye Mkasi?"

"Ndimi."

"Shemeji yangu! Hata hatujasalimiana vizuri ushaniharibia harusi!" Kisha kicheko kikamwishia, akaketi juu ya gunia la unga. "Nikwambie ukweli? Koti lile lina joto, na kola yake inakwaruza. Nilikuwa natafuta sababu ya kumpigia simu mdogo wangu. Ningeomba nini? Saa?"

Mkasi akashindwa kujizuia, akacheka na kulia kwa mkupuo mmoja.

"Ila sasa hapatikani," kaka mtu akaendelea, sauti imeshuka. "Nimempigia tangu jana. Nilidhani amebadili mawazo, hataki kuja. Kumbe ananiogopa. Mimi nataka aje, shemeji. Nikioa bila yeye nitakuwa nimeoa peke yangu."

"Atakuja na koti mkononi," Mkasi akasema. "Lakini halitakuwa lile la zamani. Vipande vyake vimeshapotea, itabidi niongeze kitambaa kingine, na kitaonekana. Unaniruhusu?"

"Kionekane. Sisi wenyewe hatufanani."

"Na naomba ruhusa nikupime."

"Pima," akasema, akafungua mikono, na futi ya Mkasi ikafika mwisho kabla ya kuuzunguka mgongo wake.

Alishona siku hiyo na kesho yake. Kabla ya kila hatua alimpigia mwoka mikate kwanza, hadi kaka mtu akachoka naye: "Shemeji, hata uzi unaniuliza?" Alichagua suruali mbili za kaduroi ya kahawia, kitambaa kile kizito chenye mistari, akazifumua, akatia vipande mbavuni, mgongoni na mabegani, na mikono akaimalizia kwa kaduroi hiyohiyo. Vipande vile hakuvishona vikafa. Kila kimoja alikiwekea vifungo kwa ndani, kikifunguliwa koti linamtosha kaka, kikikunjwa na kufungwa linamtosha mdogo mtu. Shangazi alilipindua, akatafuta kosa, akakosa, akalipiga pasi yeye mwenyewe. Ijumaa jioni shangazi huyohuyo akalipeleka mlangoni kwa Fundi Saa, akalikabidhi na neno moja: "Kaka yako anakungoja. Washa simu."

Jumamosi Mkasi alikaa nyuma kabisa ya ukumbi. Alivaa sketi aliyoishona kwa koti la mvua la zamani, blauzi nyeupe ya mikono mipana, na mkanda wa ngozi kiunoni. Shingoni hakuweka kitu. Alikuwa ameshajiambia kwamba akiwaona ndugu hao wawili wamesimama pamoja itamtosha, ataondoka kimya kimya. Uongo mtupu, lakini ndivyo alivyojiambia.

Wakaingia pamoja. Bwana harusi alikuwa ndani ya buluu na kahawia, amejaa koti hadi mwisho wake, kaduroi inang'aa mabegani kama iliyozaliwa hapo, na watu wakanong'onezana nani kamshonea. Muziki ulipopamba moto alivua, akamvisha mdogo wake mbele ya wote, akamfunga vifungo vya ndani kimoja kimoja kwa vidole vyake vinene, ulimi nje, na ukumbi mzima ukacheka. Ndugu wale wakakumbatiana wakabaki hivyo. Wimbo ukaisha wakiwa hawajaachiana.

Mkasi akainuka kutafuta mlango. Fundi Saa akamwahi.

"Unakwenda wapi?"

"Uliniambia nisikupigie."

"Sikukwambia usinisubiri." Macho yake yalikuwa mekundu na yanacheka. "Jana tumezungumza na kaka saa nzima. Koti hatukulitaja hata mara moja."

"Nilikukosea, mpenzi. Nilitaka likukae wewe tu. Sikuuliza."

"Na mimi nilikaa kimya, nikakuachia ubahatishe. Tumekosa wote."

"Tangu leo nauliza. Kila kitu. Nikikuchosha usilalamike."

"Haya," akasema Fundi Saa, akikunja mikono kifuani. "Anza."

Mkasi akafungua mdomo amuulize kama amekula, akaufunga. Mikono yake alikuwa ameizoea iwe na kitu cha kushika. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Utanioa?"

Fundi Saa akatumbua macho. "Mkasi! Hilo lilikuwa swali langu!"

"Ungeuliza lini?"

"Leo hii! Nilikuwa nangoja wimbo uishe!"

"Wimbo umeisha zamani. Jibu."

Akajibu ndiyo. Muziki ukarudi kwa kishindo ukaimeza sauti yake, kwa hiyo Mkasi akamvuta karibu kwa kola ile inayokwaruza, akamuuliza tena, naye akajibu tena.