Mtungi wa Chuma Kwenye Foleni ya Wavinya

Makindu nzima hakuna fundi wa kuchomelea anayemfikia Muindi; anayebisha akaangalie mageti. Tangi la mkewe, Wavinya, anayeuza maji, alilitengeneza kwa vipande vya meli kuukuu vilivyogongwa jina DUNKERQUE. Githaiga, muuza vyuma chakavu, alimweleza kuwa huo ni mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa, mji wa viwanda vya chuma, na kwamba wakati wa vita vya Hitler maelfu ya askari walipanga foleni ndani ya bahari, maji shingoni, wakingoja meli huku mabomu yakiwaangukia. Muindi akacheka, akabeba vyuma vyake.

Sasa, huku kwetu mtu hasimami kwenye foleni ya maji. Anaacha mtungi umshikie nafasi, na hakuna anayeugusa.

Jumatatu Wavinya akaona mtungi usio na mwenyewe. Mingine ilikuwa ya plastiki ya njano. Huu wa chuma, una kutu, unanuka mafuta ya mashine na samaki. Akamshuku Kiilu, jirani anayeshindana naye kuuza maji. Akaupiga teke ukatoka mstarini.

Mchana Muindi akarudi viatu vimelowa, na mvua haijanyesha miezi mitano. Jumanne suruali ikalowa hadi magotini, Jumatano hadi kiunoni, maji ya chumvi. Wavinya akaanza kushuku kuna mwanamke mahali anamfulia. Alhamisi yakafika kifuani, na saa saba, jua kali, akamkuta nyuma ya tangi akitetemeka, kidevu juu kama mtu anayetafuta hewa, na ndani ya tangi ikasikika miguu, miguu mingi, ikikanyaga maji polepole, ikisogea hatua moja, ikisimama, ikisogea tena.

Akakimbia kwa Kalunde, bibi anayepiga ngoma ya kilumi kutuliza pepo. Kalunde akauliza ni nani aliyetolewa kwenye foleni.

"Nilidhani ni wa Kiilu, susu," Wavinya akamwambia bibi.

"Kiilu anakusumbua kuliko pepo. Urudishe mtungi. Upe maji kabla hayajafika puani kwa mume wako."

Ijumaa Wavinya akaurudisha palepale. Ulipofikiwa, ulikunywa nusu ya tangi. Ulipojaa, Muindi akakohoa, shati likakauka mwilini, na mtungi haukuonekana tena. Jumapili Wavinya akatoa ushuhuda kanisani. Habari za Kalunde akazimeza.

Jumatatu alfajiri akafungua mlango. Mitungi ya chuma ilikuwa imepangwa kuanzia bombani, ikavuka barabara ya Mombasa, ikaenda mpaka macho yakachoka. Askari yule wa kwanza alikuwa amewaambia wenzake.

Muindi akasimama nyuma yake, viatu vikivuja maji.

"Fungua bomba, Wavinya," akanong'ona. "Na usimruke mtu."