Alama za Moto Mlangoni pa Stoo

Jua lilikuwa linazama Tranter alipofika kwa Bi Hopwood, huko Shropshire, Uingereza. Miguu ilimuuma, alitamani kitanda tu. Kazi yake ilikuwa kutambua umri wa majumba ya kale, na ajuza huyu aliyeishi peke yake alisubiri neno moja kutoka kwake kuhusu nyumba yake iliyotakiwa kubomolewa.

"Sema ni mpya, kijana wangu," alimwambia akimmiminia chai. "Wakiibomoa, nitaenda kwa dada yangu nikalale."

Tranter alicheka. Kijana, na miaka yake sitini.

Akakagua boriti za jikoni, zilizochongwa kwa shoka na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Miaka mia nne, si chini. Sheria ya kulinda majumba ya kale isingeruhusu hata tofali moja ling'olewe. Akamwonea huruma.

Kisha akauona mlango wa stoo.

Fremu yake ilijaa alama nyeusi zilizochomwa kwa mshumaa. Alikwisha kuziona kwingi. Watu wa zamani walizichoma ili wachawi wasiingie. Lakini waliziweka madirishani na kwenye bomba la moshi, ambako kitu huweza kuingia kutoka nje. Hizi zilizunguka chumba kisicho na dirisha...

Nyingine zilifunikwa na chokaa kuukuu. Moja ilikuwa bado inanuka mafuta ya ng'ombe ya mshumaa. Akaikwangua ya katikati kwa kisu, apime moto ulizama kiasi gani.

Ndani ya stoo, kitu kikavuta pumzi.

"Umekwangua?" Bi Hopwood alinong'ona.

"Kidogo tu."

"Hiyo alichoma mama yangu..."

Komeo likainuka. Polepole. Tranter akaegemeza bega mlangoni. Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini. Bibi akawasha mshumaa, akampa yeye.

"Choma palepale. Usitoe moto mpaka kitulie."

Akachoma. Komeo likashuka. Nyuma yake akamsikia Bi Hopwood akivaa koti.

"Nyumba ina miaka mingapi?"

"Mia nne. Hawawezi kuibomoa."

"Nilijua." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Nimechoma tangu mama afariki. Kinamtii aliyechoma mwisho, kijana wangu. Yeye akitoka, nacho kinatoka. Nisamehe."

Mlango wa mbele ukafungwa taratibu. Tranter akataka kumfuata. Akainua mguu mmoja.

Komeo likainuka.